Ndevu Huja Mwisho

Hotuba ya daktari wa watoto katika siku ya wazazi, shule ya sekondari ya wavulana, Morogoro

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wajumbe wa bodi, wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi ambao ndio hasa wenye mada hii: itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Mkuu wa Shule aliponipigia simu hakuzunguka. Alisema bwenini wamekuta vichupa vya dawa ya kuotesha ndevu chini ya magodoro, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu amekutwa na vidonge alivyouziwa mjini na mtu anayefundisha kunyanyua vyuma. Kijana ameambiwa vidonge hivyo vitamfanya awe mwanaume kamili upesi. Mkuu akaniomba nije nieleze jinsi mwili wa mvulana unavyogeuka kuwa wa mwanaume, na homoni zinahusikaje. Nimekuja kwa moyo wote. Watoto wetu wa kike angalau wana somo na kungwi, wana walimu wa malezi, wana kampeni za taulo za kike. Mvulana tunawaachia wenzake wa bwenini wamfundishe, kisha tunashangaa anayoyajua.

Nianze na kuku.

Kila mtu hapa amefuga au ana jirani anayefuga. Vifaranga wakiwa wadogo huwezi kuapa yupi ni jogoo na yupi ni tetea. Baada ya miezi kadhaa mmoja anatoa upanga mwekundu kichwani, manyoya ya mkia yanapinda, alfajiri anajaribu kuwika kwa sauti inayokwama, na mchana anatafuta ugomvi. Mwaka 1849, huko Göttingen nchini Ujerumani, mwanasayansi aitwaye Arnold Adolph Berthold alichapisha jaribio alilolifanya kwa majogoo 6 wachanga. Waliotolewa korodani zote mbili walikua wapole, upanga wao ukabaki mdogo na kupauka, na hawakuwika. Kwa wengine Berthold alizing'oa korodani mahali pake akaziacha tumboni, katikati ya utumbo. Hao wakawa majogoo kamili. Waliwika, walipigana, waliwafuata matetea. Alipowapasua baadaye alikuta korodani imejishikiza kwenye utumbo na imeota mishipa mipya ya damu, lakini mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekatika siku nyingi. Kwa hiyo kinachomfanya jogoo awe jogoo kinasafiri kwa damu.

Nusu ya jambo hilo wafugaji wa Usukumani na Ugogoni walikuwa wanaijua bila Göttingen. Mtu anayetaka ng'ombe wa plau humhasi dume angali mdogo, naye anakuwa maksai: mtulivu, shingo haijai kama ya fahali, majike hayamsumbui akili. Mtazameni maksai aliyehasiwa mapema akisimama karibu na fahali wa umri wake. Mara nyingi miguu ya maksai ndiyo mirefu zaidi. Hilo la miguu lishikeni, nitalirudia.

Vitu hivi vinavyotengenezwa sehemu moja ya mwili na kufanya kazi sehemu nyingine kwa kupitia damu vilipewa jina la homoni mwaka 1905 na Ernest Starling wa Uingereza. Homoni ya korodani yenyewe ilichelewa kupatikana, kwa sababu korodani haiweki akiba. Inachotengeneza inakiachia damuni papo hapo. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilichakata takribani kilo 100 za korodani za fahali, likaambulia miligramu 10 tu za testosteroni. Mwili wa mwanaume mzima hutengeneza miligramu 5 hadi 7 kwa siku. Yaani rundo lile lote lilitoa kiasi ambacho mtu mmoja anakitengeneza kwa siku mbili hivi. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ružička waliweza kuiunda maabara, na mwaka 1939 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ninalisema hili kwa ajili ya akina baba wanaoamini pumbu za mbuzi za kuchoma, na wanaosimama jioni kwenye meza za supu ya pweza. Kuleni, ni chakula kizuri, protini imo. Testosteroni iliyomo ni kidogo sana, na hiyo kidogo ikimezwa, ini huivunja kabla haijafika kwenye mzunguko mkubwa wa damu.

Sasa twende kwa mtoto wetu. Mtoto wa kiume hukutana na testosteroni mara tatu. Ya kwanza ni tumboni mwa mama, kuanzia wiki ya 8 hivi, ndipo viungo vyake vya kiume vinapojengwa. Ya pili ni katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Mama amembeba mgongoni wala hajui kwamba homoni ya mwanawe imepanda kwa muda, halafu inashuka anapokaribia miezi 6. Baada ya hapo kuna kimya cha karibu miaka 10. Ya tatu ndiyo balehe.

Kinachoianzisha balehe kiko kichwani. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi inaanza kutoa homoni yake kwa mapigo, pigo hili kisha kimya, pigo jingine kisha kimya, na mwanzoni hufanya hivyo usiku tu mtoto akiwa usingizini. Mapigo hayo yanaiamsha tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo, nayo inatoa homoni mbili, LH na FSH. LH inakwenda kwa seli za Leydig ndani ya korodani, hizo ndizo zinazotengeneza testosteroni. FSH inakwenda kwa seli za Sertoli, zinazolea mbegu. Katika miaka michache testosteroni ya damuni hupanda zaidi ya mara 20. Na kwa kuwa kazi ilianzia usiku, asubuhi ndipo inapokuwa juu kabisa. Ndiyo maana damu ya kupima homoni hii tunaichukua mapema, na anayekuja saa nane mchana tunamwambia arudi kesho.

Kitu cha kwanza kubadilika ni ukubwa wa korodani zenyewe, na hapo ndipo wazazi wengi na vijana wote hawatazami, kwa sababu hakuonekani. Kliniki nina uzi wenye shanga 12, ndogo kuliko zote ina namba 1 na kubwa kuliko zote ina namba 25. Kifaa hiki kilibuniwa na Andrea Prader, daktari wa watoto wa Zurich, Uswisi, na alikieleza mwaka 1966. Namba ni ujazo kwa mililita. Mzazi akiwepo chumbani na kijana akiwa ameridhia, daktari anapapasa kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anapitisha shanga moja moja mpaka apate inayolingana. Shanga ya 1 mpaka ya 3 ni ya mtoto. Ikifika ya 4, balehe imeshaanza, hata kama mashavu ni laini na sauti ni ya darasa la tatu. Mtu mzima ni 15 mpaka 25. Kipimo hiki hakina umeme wala gharama, na hakuna kioo cha bwenini kinachoweza kumpa kijana habari hiyo.

Hatua hiyo ya kwanza huja wakati wowote kati ya miaka 9 na 14. Naomba wazazi mlisikie vizuri, maana pengo la miaka 5 ni kubwa mno. Vijana wawili wa miaka 13 wanaweza kukaa dawati moja, mmoja ana sauti ya baba na mwingine anaonekana mdogo wake wa tumbo moja, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Baada ya korodani, hufuata uume kukua na nywele za kinena, kisha urefu, sauti, misuli ya mabega, chunusi. Jasho la kwapa kuanza kunuka na vinywele vya kwanza vinaweza kutokana na tezi zilizo juu ya figo, hivyo peke yake si ushahidi kwamba balehe imeanza. Jando nalo, kwa heshima zote kwa mila zetu, haliamshi homoni. Mtoto aliyetahiriwa hospitali akiwa na siku 7 na yule aliyepelekwa porini na wazee akiwa na miaka 12 ubongo wao unafuata saa zake zilezile.

Ndevu huja karibu na mwisho. Zinaanzia kwenye pembe za mdomo wa juu, zinasogea katikati, zinapanda juu ya mashavu, ndipo zinashuka kidevuni. Kwa wengi kidevu hakijai mpaka wamepita miaka 20. Kijana wa kidato cha tatu anayejipima kwa kidevu anatumia kipimo cha mwisho kujua kama safari imeanza.

Kuhusu sauti nitasema machache. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, inakua, gegedu lake la mbele linasukumwa nje tunaliona kama kikoromeo, na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Kwa sababu zinakua kwa kasi, misuli inayozitawala inahitaji muda kuzizoea, ndipo sauti inapokatika katikati ya sentensi. Zamani huko Italia watoto waliokuwa na sauti nzuri walihasiwa kabla ya balehe ili zoloto isikue, waimbe sauti za juu wakiwa watu wazima. Wa mwisho kurekodiwa alikuwa Alessandro Moreschi, mwimbaji wa kanisa mjini Roma, mwaka 1902 na 1904, naye alifariki mwaka 1922. Ni ukatili uliofanywa kwa ajili ya muziki, na inanisikitisha kila ninapoufikiria. Kwa walimu wa kwaya na wa kaswida ninalo ombi moja: kijana akianza kukwaruza msimtoe mbele ya wenzake. Mpeni mistari mifupi, mpumzisheni na sauti za juu, baada ya muda mtajua amekuwa besi au tenori.

Sasa miguu ya maksai.

Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu, na mfupa unarefukia hapo. Balehe inapochanganya, mvulana anaweza kuongezeka sentimita 9 au 10 kwa mwaka, kwa kawaida akiwa na miaka 13 au 14. Wasichana hutangulia kwa karibu miaka miwili, ndiyo maana picha za darasa la saba zina wasichana warefu nyuma na wavulana mbele. Kisha tabaka lile linageuka mfupa, linafunga, na urefu umekwisha. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kwa mwanaume kinachofunga ni testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mwanaume wa miaka 28 aliyekuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, na mwili wake wa nje ulikuwa wa kiume kamili. Mifupa yake kwenye picha ilikuwa ya kijana wa miaka 15. Kasoro ilikuwa kwamba seli zake haziwezi kuisikia estrojeni, homoni ambayo sote tumezoea kuiita ya kike.

Maana yake ni kwamba mwili wa mwanaume huchukua sehemu ya testosteroni yake na kuigeuza estrojeni kwa kimeng'enya kiitwacho aromatasi, na estrojeni hiyo ndiyo inayofunga mifupa na kuiimarisha. Maksai hana testosteroni ya kugeuza, mifupa yake inachelewa kufunga, miguu inarefuka. Waimbaji wale wa Italia nao walijulikana kwa mikono na miguu mirefu. Na kijana wa miaka 13 anayejidunga testosteroni, au kumeza vidonge vya kemikali zinazofanana nayo, ili awe mkubwa, huwa mkubwa kweli kwa mwaka mmoja. Anawazidi wenzake. Halafu mifupa inafunga kabla ya wakati, wenzake wanampita, na hakuna dawa ya kuifungua tena. Wazazi mnaofurahia mtoto kukomaa ghafla akiwa na miaka 8, hilo nalo ni la kuletwa hospitali, kwa sababu hiyohiyo.

Estrojeni hiyohiyo inaeleza jambo linalowaumiza wavulana kimyakimya. Karibu nusu yao, pengine zaidi, huota kifundo chini ya chuchu wakati wa balehe, upande mmoja au zote mbili, na kinauma kikiguswa. Kwa wengi kinapotea chenyewe ndani ya miaka miwili. Wanaacha kuvua shati, wanakimbia kuoga na wenzao, wanakacha michezo, na wakigundulika wanapewa majina ya kike. Mwalimu wa michezo anayeruhusu kijana acheze na fulana yake bila maswali anamfanyia wema mkubwa.

Nirudi kwenye ndevu, maana vichupa vile vimenikera.

Kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Dominika kuna kijiji kiitwacho Las Salinas. Huko walizaliwa watoto katika familia kadhaa zenye undugu ambao viungo vyao vya nje vilifanana na vya kike, wakalelewa kama wasichana. Walipofika umri wa balehe sauti ilikuwa nzito, misuli ikajaa, korodani zikashuka, uume ukakua. Wengi wao wakaendelea na maisha yao kama wanaume, na kijiji kililizoea jambo hilo. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake, watafiti kutoka Marekani, walichapisha sababu. Watoto hao wana kromosomu za kiume na testosteroni yao inatosha. Wamekosa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, ambayo kwa kifupi tunaiita DHT. Tumboni mwa mama, viungo vya nje vya kiume vinajengwa kwa DHT, ndiyo maana wao walizaliwa hivyo. Ukubwani kuna mambo mengine matatu waliyoyakosa: ndevu zao ni chache sana, hawaoti upara, na tezi dume yao hubaki ndogo maisha yote.

Hapo tumeoneshwa nani anafanya nini. Sauti na misuli ni kazi ya testosteroni yenyewe. Urefu kukoma ni kazi ya estrojeni iliyotokana nayo. Ndevu, upara na tezi dume ni kazi ya DHT. Watengeneza dawa walilichukua somo hilo, wakatengeneza finasteridi inayokizuia kimeng'enya kile, na mwaka 1992 iliidhinishwa Marekani kutibu kuvimba kwa tezi dume. Wazee wetu wanaopewa dawa hiyo kliniki za mkojo wanatibiwa kwa maarifa yaliyotoka Las Salinas.

Homoni ileile inayootesha nywele kidevuni inazidhoofisha utosini. Mwaka 1942 James Hamilton wa Marekani alionesha kwamba wanaume waliopoteza korodani kabla ya balehe hawakupata upara, na baadhi yao walipopewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo wao walianza kuupata. Kwa hiyo kijana, kabla hujatamani ndevu za mjomba wako, tazama na kichwa chake.

Kiasi cha ndevu kinaamuliwa zaidi na jinsi mashina ya nywele yanavyoitikia homoni, na hilo linatoka kwa wazazi wote wawili. Huko Asia ya Mashariki kuna mamilioni ya wanaume wenye ndevu za kuhesabika, wana testosteroni ya kawaida na wana watoto. Vichupa nilivyooneshwa ofisini vingi vimeandikwa minoksidili. Hiyo ni dawa ya nywele za kichwani kwa watu wazima, ilianzia kama dawa ya shinikizo la damu, na haiongezi testosteroni hata chembe. Ikipita kwenye ngozi kwa wingi inaweza kumpa mtu kizunguzungu na mapigo ya moyo kwenda mbio. Vichupa viwili vingine havikuwa na maandishi yoyote, na mnunuzi alikuwa na miaka 15.

Vidonge na sindano za jimu ni hatari ya aina nyingine, na hapa naomba utulivu.

Fikirieni tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua boya linashuka, bomba linafunguka. Yakijaa linapanda, bomba linafunga. Ubongo unaipima testosteroni namna hiyo saa zote. Mtu akija na ndoo akamimina maji kutoka nje, boya linapanda na bomba linafunga, hata kama hayo maji ni machafu. Ukijipa testosteroni, au kemikali zinazofanana nayo, ubongo unaona imejaa. Mapigo yanakoma, LH na FSH zinashuka, korodani zinakosa kazi na zinasinyaa. Misuli ya nje inavimba, huku ndani zile shanga zinarudi kutoka 20 kuelekea 10.

Na mbegu zinakwisha, kwa sababu ili zitengenezwe zinahitaji testosteroni nyingi ndani ya korodani kwenyewe, mara nyingi zaidi ya iliyomo damuni, na hiyo haitoki kwenye sindano. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lililijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: wanaume wazima walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na kwa zaidi ya nusu yao mbegu ziliisha kabisa kwenye manii. Ndicho kinachouzwa kwa vijana wetu kama kuongeza uanaume. Ongezeni hapo damu kuwa nzito, ini kuumia kwa baadhi ya vidonge, chunusi za mgongoni, na mifupa kufunga.

Hospitali tunazo dozi za testosteroni, na zipo hali ambapo ninaziandika mimi mwenyewe. Kwa kijana aliyechelewa sana tunaweza kumpa dozi ndogo kwa miezi michache, baada ya kupima damu na kupiga picha ya mkono wa kushoto kuona mifupa yake ina umri gani. Nani aletwe, basi? Mvulana aliyefikisha miaka 14 na korodani hazijaanza kukua. Wengi wa hawa hawana ugonjwa. Tukiwauliza baba zao, wanakumbuka kwamba nao walirefuka wakiwa kidato cha nne. Lakini wapo wenye selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa selimundu duniani, ugonjwa huo unachelewesha balehe. Wapo waliokonda kwa njaa au maradhi ya muda mrefu. Wapo wenye kromosomu X mbili na Y moja, kiasi cha mvulana 1 katika 600 hivi, mara nyingi ni warefu, korodani ndogo na ngumu, na hugunduliwa wakiwa wameshaoa wanatafuta mtoto.

Wapo pia wachache ambao nawanusisha kahawa. Nafungua kopo, nawafumba macho, nauliza hii ni nini. Anayesema hasikii harufu yoyote, tangu utotoni, ameniambia jambo kubwa. Seli zinazopiga yale mapigo ya ubongoni huzaliwa karibu na pua wakati mimba ni changa, kisha husafiri kwenda ubongoni kwa njia ya mishipa ya kunusa. Safari ikikwama, mtu hukosa harufu na hukosa balehe, vyote pamoja. Anatibika, na anaweza hata kupata watoto. Kinachomchelewesha ni watu kumwambia avumilie mpaka miaka 25.

Mawili ya haraka kwa wazazi na walezi wa bweni. Mtoto mchanga ambaye korodani haijashuka afanyiwe upasuaji mapema, kabla hajafika mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo watazameni wachanga wenu majumbani. Na mwanafunzi akiamka usiku na maumivu makali ya ghafla ya korodani, pengine anatapika, msimpe panadoli mkasubiri asubuhi. Korodani inaweza kuwa imejisokota, na mna muda wa takribani saa 6 kuiokoa. Gari liondoke wakati huohuo.

Mkuu wa Shule amenipa vikaratasi vya maswali vya wanafunzi, havina majina. Nitajibu vitatu, vilivyobaki nitavijibu kwa maandishi vibandikwe kwenye ubao.

Cha kwanza kinauliza kama kunyoa kunazifanya ndevu ziwe nyingi. Hapana. Unywele uliokatwa una ncha butu, ukichomoza unaonekana mnene. Shina lake liko chini ya ngozi, wembe haufiki huko. Msishirikiane nyembe.

Cha pili: "Nina miaka 17, sauti imebadilika na nimerefuka, sina ndevu. Nije kliniki?" Ukitaka kuja karibu, lakini kwa maelezo yako mwili wako umefanya kazi yake. Mtazame baba, mtazame na kaka wa mama yako, utapata fununu ya kidevu chako.

Cha tatu kimeandikwa kwa penseli, na nakisoma kwa idhini ya aliyeandika maana amesema kisomwe: "Nilikula vile vidonge miezi miwili. Nimeharibika?" Mwanangu, kwa muda mfupi hivyo, mara nyingi ubongo huanza tena wenyewe, ingawa inaweza kuchukua miezi. Inategemea ulimeza nini, kwa hiyo acha leo, na vilivyobaki usivitupe, vilete na paketi yake nivione. Nimezungumza na Mkuu wa Shule na amekubali mbele ya bodi kwamba atakayekuja mwenyewe hataadhibiwa. Kliniki ya watoto ni Jumanne na Alhamisi. Fika saa moja na nusu asubuhi, kabla hujanywa chai, nichukue damu.